Akili ya mjomba ilikwama tumboni

Suruali ilikuwa na mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake kwa inchi nne. Mwenye nayo, kijana aliyekuwa anaoa Jumamosi, aliinyanyua mbele ya mlango wa duka kama mtu anayemrudisha samaki mbovu sokoni, akangoja fundi aseme neno. Mjomba akaitazama, akacheka. "Kwani wewe ukitembea unakanyagia yote miwili kwa mpigo?" Kisha akaegemea ukuta, akasinzia.

Mjomba wangu anashona Ngamiani, pale Tanga, tangu sijazaliwa. Kanzu za Idi, suti za harusi, sare za shule zinazomkesha kila Januari. Sijawahi kusikia amekosea inchi moja, sembuse nne. Na kumcheka mteja ndiyo kabisa. Huyu ni mtu ambaye akichelewesha kazi siku moja huipeleka mwenyewe kwa baiskeli hadi mlangoni kwa mwenyewe, akaomba radhi kabla hajashuka.

Kisa cha suruali nilisimuliwa na mkaza mjomba kwa simu, nikacheka pia. Mimi niko Dar, na mambo ya mbali huchekesha. Wiki mbili baadaye akanipigia saa nane usiku. "Sikiliza," akasema, akaisogeza simu kwenye mlango wa chumba cha mbele. Nikaisikia cherehani inatwanga, mwendo uleule niliolala nao utotoni kila likizo.

"Anashona tangu saa sita," akasema. "Nimeingia kuangalia. Hajatunga uzi."

Mchana alikuwa analala, usiku yuko macho. Leo najua kuwa mtu mwenye ini bovu akianza kugeuza usiku na mchana, hiyo ni miongoni mwa dalili za mapema kabisa. Wakati ule hatukujua, na kila mtu alikuwa na jibu lake. Mama yangu, ambaye ni dada yake mkubwa, alisema ni uzee, ingawa mdogo wake ndiyo kwanza ana miaka 61. Barazani wakanong'ona kwamba anakunywa kwa siri, maana kwetu ukitaja ini watu husikia pombe, na mjomba hajawahi kuionja. Wengine wakasema wazi: huu ni mkono wa mtu. Akasomewa, akanyweshwa kombe. Sina neno na kombe. Maji ya zafarani hayakumdhuru, na usiku ule alilala vizuri kuliko siku zote. Neno langu ni ile miezi miwili tuliyoipoteza.

Kwa sababu jibu tulikuwa nalo ndani ya nyumba, kwenye bahasha juu ya kabati. Miaka minne nyuma alikwenda kumchangia damu jirani aliyekuwa anafanyiwa upasuaji, damu yake ikakataliwa. Homa ya ini, aina ya B. Akaandikiwa kliniki, akaenda mara mbili, akaacha. "Naumwa wapi?" alikuwa akiuliza. Na kweli hakuwa anaumwa popote. Ini ni kiungo kisicho na malalamiko: linapata kovu juu ya kovu, linakakamaa, linasinyaa, na mwenyewe anaendelea kupiga pasi kanzu za watu.

Wengi wa rika lake waliopata kirusi hiki walikipata wakiwa wadogo, na hapo ndipo penye ubaya. Mtoto mchanga akiambukizwa, karibu 9 kati ya 10 hubaki nacho maisha yote. Mtu mzima akiambukizwa, wanaobaki nacho hawafiki 5 kati ya 100. Tanzania ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi yake mwaka 2002. Mjomba wakati huo alikuwa na watoto wanne.

Sasa nifike kwenye sindano, maana ndiyo iliyonifanya nikae chini kusoma mambo haya.

Usiku mmoja alianza kupiga kelele na kuvuta mapazia, akidai ni vitambaa vya mteja. Wakampeleka zahanati ya jirani. Sitaitaja, na kijana aliyekuwa zamu simlaumu sana; aliona mzee anayefanya fujo, akafanya ambalo wengi wangefanya. Akamchoma diazepamu, atulie. Mjomba alitulia. Alitulia siku mbili kasorobo. Ukimwita anafumbua jicho moja, anaguna, analifumba. Mkaza mjomba alikuwa anampaka maji mdomoni kwa pamba.

Nilipanda basi la alfajiri. Nilipofika, wanaume wanne walikuwa wanambeba kumwingiza kwenye Noah ya kukodi, kwenda hospitali kubwa zaidi.

Daktari alikuwa binti wa umri wa mtoto wake wa mwisho. Akainama karibu sana na uso wa mjomba, kiasi kwamba nilidhani anamsikiliza. Kumbe anamnusa. Pumzi yake ilikuwa na harufu ambayo sisi tulikuwa tumeshaizoea: tamu, nzito, yenye uvundo, kama embe lililosahaulika kabatini. Hiyo ni hewa inayopaswa kuishia kwenye ini, ikakosa wa kuizuia, ikatokea mapafuni. Kisha akageuka, akatuuliza swali ambalo sikulitegemea hata kidogo.

"Alipata choo lini?"

Tukatazamana. Sisi tumeleta kichwa, yeye anauliza tumbo. Mkaza mjomba akahesabu kwa vidole. Siku ya tano.

"Basi tuanzie hapo," akasema.

Ugonjwa wenyewe Wazungu wanauita ensefalopathi ya ini, yaani ubongo unaougua kwa kosa la ini. Nimeusoma sana tangu siku ile, na namna nyepesi niliyoipata ya kuueleza ni hii ya kwetu mpakani. Chakula kingi kinachosagwa tumboni, na kila takataka inayotengenezwa na bakteria wa utumboni, hupakiwa kwenye damu inayopita mshipa mmoja mkubwa kwenda kwenye ini. Ini ndiyo forodha. Mzigo mmojawapo ni amonia, ileile inayochoma pua kwenye choo cha shimo, inayotokana na kuvunjwa kwa protini. Ini zima huikamata na kuigeuza yurea, kitu kipole kinachotoka na mkojo. Njia hiyo ya kugeuza aliigundua Hans Krebs na mwanafunzi wake Kurt Henseleit mwaka 1932, kule Freiburg, Ujerumani.

Ini likijaa makovu, mambo mawili hutokea pamoja. Maofisa wa forodha wanapungua, na barabara yenyewe inaziba. Damu haikubali kusimama. Inatafuta njia za panya. Mishipa midogo ya kooni, tumboni, kuzunguka bandama, inapanuka na kuivusha shehena moja kwa moja kwenye damu ya mwili mzima bila kukaguliwa. Atokaye Tanga kwenda Horohoro, mpakani na Kenya, haelezwi njia za panya ni nini.

Jambo hili lilionekana kwa mbwa kwanza. Mwaka 1893, St. Petersburg, Ivan Pavlov na wenzake (ndiye Pavlov yuleyule wa mbwa na mate) waliuunganisha mshipa wa utumbo wa mbwa na mshipa mkuu wa kurudisha damu moyoni, ini likabaki pembeni. Mbwa waliishi. Lakini wakilishwa nyama wanakuwa wakali, wanapepesuka, wanapofuka, wanazimia. Nilipoisoma hiyo nilikumbuka mapazia. Kwa binadamu, maelezo yaliyokaa sawa yaliletwa mwaka 1954 na Sheila Sherlock na wenzake wa London.

Lakini amonia ikishafika kichwani inafanya nini hasa? Hapa ndipo paliponinyima usingizi, maana jibu si moja.

Ubongo una seli zenye umbo la nyota, astrosaiti, ambazo kazi yake ni kuzitunza seli za fahamu: kuzilisha, kuzifagilia, kuziondolea taka. Ni kama wale kina mama wa jikoni kwenye shughuli; hakuna anayewaona, na wakigoma hakuna shughuli. Ubongo hauwezi kutengeneza yurea kama ini. Njia ya astrosaiti kuiondoa amonia ni kuifunga pamoja na kemikali iitwayo glutameti, kikatoka kitu kiitwacho glutamini. Vizuri, ila glutamini huvuta maji. Seli zinavimba kama kunde zilizolowekwa. Zikivimba polepole, kwa miezi, mtu anakuwa mzito, anasahau, anakosea inchi nne. Zikivimba kwa siku chache, kama pale ini linapokufa ghafla, fuvu halina nafasi ya kutanuka na mtu anakufa. Kuvu wa mahindi wanaweza kuliua ini kwa namna hiyo: mwaka 2004 kule Makueni na Kitui, Kenya, sumukuvu iliwashika watu 317 na kuwaua 125. Mwaka 2016 ikaja kwetu, Dodoma na Manyara, wakaugua 68, wakafa 20.

Ya pili ni breki. Ubongo una kemikali iitwayo GABA, ambayo kazi yake ni kutuliza: inaziambia seli za fahamu zipunguze kasi. Katika ugonjwa huu breki inakanyagwa kupita kiasi. Amonia huzisukuma zile astrosaiti kutengeneza homoni za ndani ya ubongo zinazoitia nguvu GABA, na tangu miaka ya 1980 watafiti wamekuta kwenye damu na ubongo wa baadhi ya wagonjwa vitu vinavyofanana na dawa za usingizi za jamii ya benzodiazepini, hata kwa watu ambao hawakumeza dawa hizo. Wapo wagonjwa waliochomwa dawa inayozipinga, flumazenili, wakaamka kwa muda, kisha wakazama tena.

Sasa, diazepamu ni benzodiazepini. Kijana wa zahanati alimkuta mtu ambaye mguu wake uko juu ya breki hadi sakafuni, akauongezea jiwe. Na ini ambalo lingeiondoa hiyo diazepamu mwilini ndilo hilohilo bovu, ndiyo maana jiwe lilikaa siku mbili.

Ya tatu naitaja kwa sababu ya pweza. Mwaka 1971 Fischer na Baldessarini, Wamarekani wawili, walikuja na hoja ya wajumbe bandia: kwamba bakteria wa utumbo wanatengeneza malighafi za kemikali zinazofanana na wajumbe halisi wa ubongo, zile kemikali zinazopeleka habari kati ya seli za fahamu, zinakaa kwenye viti vyao, halafu hazisemi kitu. Mkubwa wao ni oktopamini, iliyopewa jina hilo kwa kuwa ilipatikana kwanza kwenye tezi za mate za pweza. Nilimsimulia mjomba baadaye. Akaniuliza kama supu ya pweza imekatazwa. Haijakatazwa, na hoja yenyewe siku hizi imesogezwa pembeni. Amonia ndiyo imebaki kwenye kiti cha mbele. Naipenda tu kwa uzuri wake.

Kuna na manganizi, madini yanayopaswa kutoka na nyongo. Yakikosa njia hujikusanya kwenye kiini cha ubongo kinachoongoza mwendo, na kwenye picha za MRI hung'aa. Mgonjwa anakuwa mgumu na mzito wa mikono, kama mwenye maradhi ya Parkinson.

Turudi wodini. Dawa aliyopewa mjomba ni maji mazito matamu, laktulosi. Ni sukari iliyotengenezwa kutokana na sukari ya maziwa, ambayo utumbo wa mtu hauwezi kuifyonza. Inateremka yote hadi utumbo mpana, bakteria wanaila, wanatoa asidi. Kwenye asidi amonia hubadilika umbo na kushindwa kupenya kurudi kwenye damu, inanasa. Halafu sukari hiyohiyo inamharisha mgonjwa, vyote vinatoka. Daktari wa Uswisi, Johannes Bircher, aliandika habari zake mwaka 1966, na mpaka leo ndiyo dawa ya kwanza. Nilitegemea mashine, nikategemea kuambiwa India. Tuliletewa chupa na beseni.

Walimpa kwa mpira wa puani, na kwa njia ya nyuma pia. Sitaeleza usiku ule zaidi ya kusema kwamba mkaza mjomba alibadilisha shuka mara saba na hakukunja uso hata mara moja.

Asubuhi alifumbua macho yote mawili. Daktari akamwambia, "Shikamoo baba." Kimya. Kisha, taratibu, "Marahaba." Akamwomba anyooshe mikono mbele na kuinua viganja, kama trafiki anayesimamisha gari. Viganja vikaanguka, vikarudi, vikaanguka, kama mbawa za njiwa anayetafuta pa kutua. Hatetemeki, ni misuli inayopoteza amri kwa kitambo na kuipata tena. Akaambiwa ataje wanyama, wowote, kwa dakika moja.

"Ng'ombe. Mbuzi. Ng'ombe. Paka." Akatazama dari muda mrefu. "Mbuzi nimesema?"

Alipata watano. Mwenye akili timamu hupita kumi bila shida, na kipimo hicho ni cha kweli, hakihitaji hata karatasi. Nilimuuliza daktari kwa nini asipime tu amonia kwenye damu. Akasema kiwango cha kwenye damu hakiendi sambamba na hali ya mgonjwa. Yupo mwenye nyingi anayeongea vizuri, yupo mwenye kidogo aliyelala. Anaamini mikono na mbuzi.

Siku ya tatu jioni nimekaa kando ya kitanda nabofya simu. Nikasikia, kwa sauti yake ya dukani: "Mpwangu."

"Naam, mjomba."

"Shati hilo kakushonea nani? Bega limepanda."

Nilitoka nje. Nililia kwenye ngazi za wodi, watu wakidhani nimefiwa.

Kilichofuata kilikuwa kigumu kwa namna nyingine. Katika ile miezi miwili mjomba alimtamkia mama yangu maneno kuhusu shamba la marehemu babu, mbele ya watu, maneno ya kukata maini. Sisi Waswahili tumeweka uchungu kwenye ini tangu zamani. Neno baya halikati moyo, linakata maini. Mama alikuwa amekatwa. Nikamweleza habari ya amonia na breki, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa. Lakini hiyo amonia ilijuaje habari ya shamba?"

Sikuwa na jibu, na vitabu havikunisaidia. Naelewa kwamba sehemu ya ubongo inayozuia na kupima maneno huathirika mapema. Hiyo haielezi kama kilichozuiwa kilikuwepo. Mjomba alipoambiwa aliyoyasema alinyamaza, kisha akasema, "Sikumbuki. Ila mdomo ni wangu." Akaenda kwa mama na kilo mbili za changu na kanzu mkononi, kanzu ya mjukuu wake, ameishona upya. Wakala samaki. Shamba halikutajwa.

Samaki wenyewe walikuwa ugomvi. Jirani aliwaambia mgonjwa wa ini asiguse nyama, samaki wala maharage, kwa kuwa protini ndiyo inayozaa amonia. Ndivyo hata hospitali zilivyofundisha kwa miaka mingi, na mjomba alikuwa amekondeshwa kwa uji mtupu mpaka mashavu yakaingia ndani. Daktari alikasirika kweli. Misuli nayo huondoa amonia, akasema. Ukimnyima chakula mnamla misuli na mnamwongezea sumu. Siku hizi wanataka gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, na kitu cha kula kabla ya kulala. Alichokataa ni dawa za usingizi, kufunga choo, na kumeza vidonge vya kukojoa bila kupimwa, maana mambo kama hayo ndiyo humwangusha mgonjwa.

Anameza sasa tenofovira kila siku ya kupunguza kirusi. Kuna dawa nyingine, rifaksimini, inayowapunguza bakteria wa utumbo. Utafiti wa 2010 kwa wagonjwa 299 ulionyesha kwamba kwa miezi sita, kati ya waliopewa dawa hiyo, walioshikwa tena walikuwa kama 22 kwa 100, wakati kwa waliopewa dawa ya uongo walikuwa 46. Bei yake tumeiangalia, tukairudisha dirishani.

Hakurudi wote. Zamani iliaminika kwamba ubongo huu husafishika kabisa. Siku hizi wanasema kila shambulio linaweza kuacha alama. Mahesabu ya suti ya vipande vitatu yanamchosha, kwa hiyo anashona kanzu na sare tu. Baiskeli tumempa mtoto wa jirani.

Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimia, nikalichukua daftari lake la vipimo. Kurasa za mwanzo wa mwaka ni mwandiko wake ninaoujua: kiuno 34, paja 24, urefu 41, namba zimesimama kama askari. Kuanzia Agosti mistari inaanza kuteremka kulia. Oktoba kuna ukurasa umeandikwa "kiuno 3", halafu kalamu imeburutwa hadi ukingoni.

Baada ya hapo mwandiko ni wa mkaza mjomba. Daktari alimwambia laktulosi ipimwe kwa choo: mara mbili hadi tatu kwa siku, laini, ikipungua aongeze kijiko. Amelitumia daftari lilelile, mistari ileile, na pembeni anaweka yake anayoyaona. Ukurasa wa juzi unasema:

"Jumanne. Mara 1. Kamtukana paka. Nimeongeza.

Jumatano. Mara 3. Kamtafuta paka, kampa kichwa cha dagaa."